Mihuri Minne ya Kumwimbia Tunu

Iko nchi moja, msiniulize njia ya kwenda, maana wenyeji wake wanahangaika kutoka na wageni huiona kwa juu tu wakipita na ndege. Nchi hiyo ina Wizara ya Kujitambua. Kabla ya Wizara hiyo kuundwa, watu wa huko hawakujitambua hata kidogo. Walikuwa wakipika, wakioana, wakizikana, wakicheza ngoma mpaka vumbi linaingia kwenye sufuria za harusi, lakini yote hayo waliyafanya ovyo ovyo, bila mtu wa kuwaeleza wanafanya nini. Serikali ikawaonea huruma, ikawaletea mihadhara.

Sheria ilitangazwa redioni siku ya gulio. Ilisema utamaduni, historia, lugha na muziki ni urithi wa Taifa, na mtu asiyeuelewa urithi asiushike, kama vile asiyejua kuendesha lori hakabidhiwi usukani. Mwenye kutaka kuimba wimbo wa wazee wake ahudhurie kwanza mihadhara minne, agongewe mihuri minne kwenye kadi, afanye jaribio, apewe Cheti cha Uelewa. Akishapata hicho cheti, aimbe mpaka koo limkauke.

Kijijini Kitunduni watu walicheka. Haikupita muda, bibi mmoja wa huko akafariki, na dada zake wakamwimbia kama walivyozoea. Kesho yake Afisa Urithi wa Kata, Bwana Tindwa, akafika na gari la Wizara. Alikuwa kijana mpole, viatu vinang'aa, na alieleza kwa adabu kabisa kwamba aliyeimbiwa urithi na watu wasio na cheti naye ameshakuwa sehemu ya urithi, na urithi hauzikwi, unahifadhiwa. Maiti ikachukuliwa kupelekwa Nyumba ya Kumbukumbu ya Taifa. Waliokwenda kuitazama walirudi na habari kwamba imetunzwa vizuri, ina kibandiko cha namba shingoni, na watoto wa shule wanapitishwa mbele yake kwa foleni, wanaandika. Huko iko mpaka leo. Kitunduni wakaacha kucheka, na kuimba nako wakaacha.

Sasa katika kijiji hicho walikuwako wanawake wawili, Bi Sikudhani na Bi Tunu. Hawakuwa ndugu wa damu. Walikuwa wenzi wa wimbo, na hilo kwa watu wa Kitunduni ni zaidi. Kila mwali alipotoka ndani alichagua mwenzake mmoja, na wawili hao wakafundishwa Wimbo wa Kufungasha. Huimbwa mara nyingi kwa mzaha, wanawake wakitwanga au wakisuka ukili, lakini kazi yake hasa ni moja. Mmoja wao akishaonekana yuko safarini, yaani zile safari ambazo mtu harudi, mwenzake hukaa kichwani pake akamuuliza maswali kumi na mawili kwa wimbo, kana kwamba wanafunga mizigo pamoja. Msafiri hujibu chochote alicho nacho moyoni. Jibu halifundishwi. Anayesamehe anasamehe hapo, anayeomba radhi anaomba hapo. Swali la kumi na mbili ndilo zito, lauliza fundo la mwisho lina nini, kama vile lile fundo ambalo mwanamke hulifunga kwenye pindo la kanga na hakuna mwingine anayelifungua. Aliyeapishwa kutunza siri kiapo chake kinafunguka hapo, si kabla.

Na Bi Tunu alikuwa na fundo.

Miaka ishirini na miwili nyuma, Bi Sikudhani alimfukuza binti yake wa pekee, Sauda, kwa sababu ya mwanamume ambaye binti alijichagulia mwenyewe. Asubuhi ya pili hasira zilipomtoka, binti hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumuaga Bi Tunu tu, akamwambia aendako, na akamwapisha kwa chumvi na maji asimwambie mama yake hadi siku ya kufungasha. Bi Sikudhani alipojua alilia, akabembeleza, akanuna miezi mitatu. Kisha akakubali. Aliwahi kuapa mwenyewe ujanani, alijua kiapo cha chumvi kilivyo. Akasema atangoja. Wakaendelea kuchota maji pamoja, kusukana nywele pamoja, na hilo fundo likiwa katikati yao kama mtoto aliyelala ambaye hakuna anayetaka kumwamsha.

Mwaka huu Bi Tunu akaanza kuvimba miguu. Pumzi ikawa inapanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili. Mganga wa zahanati alimtazama, akamwambia mkwewe, Zamda, wampikie anachopenda.

"Shoga," Bi Tunu alimwambia mwenzake siku hiyo, "siku zangu nazihesabu kwa vidole, na vidole vya mguu havimo. Utaniimbia lini?"

Bi Sikudhani akasema hata sasa hivi, kigoda kiko wapi akikalie. Bi Tunu akamshika mkono. Akamwambia hataki kuning'inizwa kibandiko, anataka kulala karibu na marehemu mumewe pale kwenye minazi miwili, hata kama alikuwa anakoroma. Bila cheti asimwimbie. Amngojee, naye atajikaza.

Basi Bi Sikudhani akachukua kadi.

Mhadhara wa kwanza ulikuwa wa Utamaduni. Ukumbi ulikuwa wilayani, mwendo wa saa mbili kwa miguu yenye afya na saa tatu kwa miguu ya Bi Sikudhani. Waliotaka muhuri waliambiwa wafike saa mbili asubuhi na asiyefika saa hiyo haruhusiwi kuingia. Wakafika. Viti vilikuwepo mia mbili, vimevikwa vitambaa vyeupe na kufungwa tepe nyuma, vizuri mno, na hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia kwa sababu vilikuwa vya msafara wa mgeni rasmi. Wazee wakasimama ukutani. Mshereheshaji akawazoesha kupiga makofi ya aina tatu, ya kupokea, ya kukubali na ya kusindikiza. Bi Sikudhani alikosea ya kukubali, akaamriwa kurudia peke yake.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Mlezi wa Urithi, aliingia saa tisa alasiri. Msafara wake ulikuwa wa watu kumi na mmoja, viti vilivyobaki vikaendelea kupumzika. Mada ikasomwa: Utamaduni Wetu wa Kuheshimu Wazee.

Mheshimiwa alizungumza kwa uchungu. Alisema kwamba vijana wa siku hizi wanawaacha wazee wamesimama, na hilo linaliumiza Taifa. Makofi ya kukubali. Kisha akasema sasa ni zamu ya vitendo, wazee watajifunza kuamkia. Mzee mmoja mwenye mkongojo akauliza, kwa unyenyekevu, nani anamwamkia nani, maana Mheshimiwa ni sawa na mjukuu wake wa nne. Mshereheshaji akamwonea huruma kwa ujinga wake. Akafafanua kwamba ni kweli Mheshimiwa ana miaka thelathini na minne, lakini cheo chake kiliundwa kabla wengi waliomo ukumbini hawajazaliwa, kwa hiyo cheo ndicho mkubwa. Wazee wakapita mmoja mmoja. Bi Sikudhani alipofika alikunja goti lililokuwa likimuuma tangu asubuhi, akasema, "Shikamoo, cheo." Msaidizi akamjibu marahaba kwa niaba, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa na simu sikioni.

Muhuri wa kwanza ukagongwa.

Aliporudi Kitunduni usiku ulikuwa umeshaingia, na Bi Tunu alikuwa macho, ameegemezwa mito miwili.

"Wamekufundisha nini?"

"Kuamkia."

"Umri huo wote ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nabahatisha."

Bi Tunu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachelewa kuisha. Zamda akaja mbio na maji. Bi Sikudhani akajilaumu, akaazimia kuanzia siku hiyo kumletea habari zisizochekesha. Lakini Wizara haikumpa nafasi hiyo.

Mhadhara wa pili, wa Historia, ulifanyika siku nne baadaye. Mtoa mada alikuwa na daftari nene na sauti kama ya mtu aliyekuwepo siku ya kuumbwa mito. Alianza kueleza jinsi Taifa lilivyokombolewa na mashujaa saba, akawataja kwa majina, na akafika kwa shujaa wa tatu ambaye sasa ni Waziri wa Barabara. Hapo karani akaingia kwa kunyata na kikaratasi. Mtoa mada akasoma, akameza mate. Akawaomba radhi wasikilizaji. Mashujaa walikuwa sita. Waliokuwa wameandika saba wafute, na waliokuwa hawajui kuandika wafute kichwani.

Akaanza upya. Wale sita walivuka mto, wakapanda mlima, na huko mlimani yule wa saba, ambaye hakuwepo, akawasaliti. Karani akaingia tena. Waziri amerudishwa kazini, ilikuwa ni hitilafu ya mitambo ya redio. Mtoa mada akajifuta jasho kwa leso, akamrudisha shujaa mlimani, akampa na farasi. Wazee wakapiga makofi kwa ajili ya farasi, maana katika nchi hiyo hakujawahi kuonekana farasi.

Ilipofika saa saba ikatangazwa kwamba mihuri iliyogongwa kwenye kadi asubuhi mlangoni ilikuwa ya historia ya asubuhi, ambayo haitumiki tena. Kila mmoja atoke nje, aingie upya, asikilize toleo la mchana. Kijana mmoja akalalamika kwamba wameshayasikia yote. Akajibiwa kwamba hilo ndilo kosa lake. Bi Sikudhani hakulalamika. Alitoka, akaingia, akakaa chini sakafuni kwa kuwa viti vilikuwa vinafuliwa vitambaa. Alikuwa akihesabu pumzi. Si zake, za Tunu. Alikuwa amezisikiliza asubuhi ile kabla ya kuondoka, akaona baina ya moja na nyingine kuna nafasi ya kutia kitu.

Toleo la mchana lilikuwa na mashujaa wanane. Muhuri wa pili.

Mhadhara wa tatu ulikuwa wa Lugha, na mnajua wenyewe wakubwa wa lugha wanavyokuwa. Mtaalamu alisema kwa muda wa saa nzima. Bi Sikudhani, aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo na kuitumia kuzaa, kuuza mihogo na kugombana na mashemeji, hakuambulia hata neno. Jirani yake akamnong'oneza kwamba hata yeye. Baadaye wakaelezwa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa lugha yao, ila ikiwa imesafishwa, na kama hawaielewi ni dalili ya jinsi walivyokuwa wagonjwa.

Katikati ya hapo akaingia mwanamke wa Kitunduni anayeuza samaki wilayani. Alipenya mpaka kwa Bi Sikudhani, akamwambia sikioni kwamba Zamda amemtuma, Bi Tunu amebadilika, macho yamegeuka, kama anataka kumkuta na aje.

Bi Sikudhani akasimama. Watu wakamgeukia. Mtaalamu akamuuliza kwa upole ana dharura gani, maana anayetoka bila dharura iliyosajiliwa hupoteza muhuri wa siku hiyo na yote iliyotangulia.

"Mwenzangu anakata roho, Mheshimiwa. Naomba ruhusa."

Mtaalamu akafunua kitabu chake kikubwa, akafunua tena, akatikisa kichwa. Alisema anasikitika, msemo huo haumo kwenye orodha iliyoidhinishwa. Roho haikatwi. Kuna kamba inakatwa, kuna kuni zinakatwa. Angeweza kumpa ruhusa kwa jambo lililomo, kwa mfano kuharisha, lakini hawezi kumpa ruhusa kwa jambo lisilokuwa na jina. Hata hivyo yeye si mtu katili. Akaitisha kamati hapo hapo jukwaani, wataalamu watano, watafute neno.

Wakalitafuta. Mmoja alipendekeza "kufunga hesabu", likakataliwa kwa kuwa ni la wafanyabiashara. Mwingine akaleta "kulala mazima", likaonekana linahamasisha uvivu. Bi Sikudhani alisimama muda wote huo, kadi mkononi, mihuri miwili inamtazama. Akitoka, ameipoteza, na Tunu hata kama yu hai hataimbiwa. Asipotoka, huenda akaishia kuiimbia sanda. Akaishika kanga yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima. Alisema taratibu, mara mbili, kwamba yeye neno lolote watakalompa ataridhika nalo. Wakamsihi asiwaharakishe, lugha ni jambo nyeti.

Baada ya saa moja na nusu kamati ikakubaliana. Mtaalamu akatangaza kwa fahari kwamba kuanzia siku hiyo mtu aliye katika hali ile atatambuliwa kama "anayehitimisha uraia". Makofi yalikuwa marefu. Bi Sikudhani akaambiwa arudie ombi lake kwa usahihi. Akalirudia. Lakini muda wa mhadhara ulikuwa umekwisha, kwa hiyo ruhusa haikuhitajika tena, akagongewa muhuri wa tatu na kutoka pamoja na wenzake.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka sabini na moja alikimbia barabarani na ndara mkononi, waendesha pikipiki wakampisha. Alifika kwa Bi Tunu kifua kinamwaka, akamkuta ameamka tena, amekunywa vijiko vitatu vya uji na anauliza kwa nini uji hauna pilipili manga.

"Nilidhani nimekukosa," Bi Sikudhani akasema, akaketi sakafuni.

"Nilikuwa naondoka. Nikakumbuka una kiherehere, utanifuata unitukane." Akapumzika kidogo, pumzi zikamrudia. "Bado ngapi?"

"Mmoja."

Bi Tunu akafumba macho. Kisha akasema kitu ambacho katika miaka yote ile hakuwahi kukigusa. Alisema fundo la Sauda limekaa tayari, amelilegeza upande mmoja, asije akashindwa kulifungua siku ikifika. Bi Sikudhani alifungua mdomo kuuliza. Akaufunga. Akatoka nje kwenda kumsaidia Zamda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Mhadhara wa nne, wa Muziki, uliletwa na Profesa Mhangwa kutoka makao makuu, mtu mnene mwenye miwani ya kamba, anayependa kufumba macho anaposema. Mada ilisomeka: Wimbo wa Kufungasha, Hazina Iliyotoweka. Bi Sikudhani aliposikia hivyo akanyoosha shingo. Profesa alieleza kwa huzuni kwamba wimbo huo hauimbwi tena na mtu yeyote nchini, na hakueleza kwa nini. Bahati nzuri, alisema, Wizara ilituma vijana na kinasa sauti miaka kumi na mitano iliyopita, wakawakuta wanawake wawili wa mwisho walioujua.

Bi Sikudhani aliwakumbuka wale vijana. Walikunywa maji ya mtungini, wakaharisha. Yeye na Tunu waliwaimbia wakiwa wanamenya mihogo, na Tunu, kwa kuwa alikuwa mzima na mwenye kiburi, alijibu upuuzi mtupu. Alipoulizwa amefungasha nini alisema upawa, kinu na mume wa jirani. Wakarudia mara tatu, na kila mara akafungasha kitu kingine. Moyo wa Bi Sikudhani ukapiga mbio kwa furaha. Alikuwa anakwenda kuisikia sauti ya Tunu yenye nguvu, kabla ya kuvimba miguu, kabla ya mito miwili.

Profesa akabonyeza kitufe. Spika zikakoroma, kisha sauti ya Bi Sikudhani mwenyewe ikajaa ukumbini, changa kwa miaka kumi na mitano. Iliuliza swali la kwanza.

Kikafuata kimya.

Ikauliza la pili. Kimya. Kimya kilichokatwa vizuri, hata kuku wa siku ile hawakusikika ndani yake. Maswali kumi na mawili yalikwenda hivyo, mtu mmoja anaita chumba kitupu, na watu ukumbini wakaanza kufuta machozi, maana kwa kweli lilikuwa jambo la kusikitisha.

Profesa akafumbua macho. Akaeleza kwamba kulikuwa na sauti ya pili, lakini ilikuwa inababaika. "Kila ilipoombwa kurudia, ilisema jambo jingine. Taifa haliwezi kuhifadhi kitu kinachobadilikabadilika. Tuliisafisha. Ukimya mliousikia ni wa sekunde kumi na moja kila mmoja, na ndio mwitikio rasmi wa Wimbo wa Kufungasha."

Bi Sikudhani alisimama kabla hajajua amesimama.

"Bwana Profesa, huyo anayeimba ni mimi."

Profesa alitabasamu, akapekua kadi ya kumbukumbu. Akamwambia kwamba kadi inaonyesha waimbaji walikuwa wawili, majina hayakuandikwa, wote marehemu.

"Basi hawakunialika kwenye matanga," akasema Bi Sikudhani.

Watu wachache walicheka, wakanyamazishwa. Profesa akamshukuru mama kwa kuguswa na mada kiasi hicho. Akaongeza, kwa upole, kwamba hata ingekuwa kweli, kitaalamu si vizuri wimbo kuingilia mhadhara unaouhusu. Bi Sikudhani aliendelea kusimama. Alitaka kuwaambia kwamba sauti waliyoisafisha ina mwenyewe, imelala Kitunduni kwenye mito miwili, inataka pilipili manga. Lakini akaikumbuka kadi. Akakaa. Muhuri wa nne ukagongwa, wino ukiwa umefifia, alama kama kovu la zamani.

Likabaki jaribio. Jaribio hufanyika makao makuu kila baada ya miezi sita. Bi Sikudhani aliposikia hivyo hakulia wala hakupiga kelele. Aliketi kwenye ngazi ya ofisi ya Bwana Tindwa na hakuondoka. Bwana Tindwa aliingia, akatoka kwenda kula, akarudi, akamkuta. Mwisho akaguswa. Nilisema alikuwa kijana mpole. Akamwambia kanuni ndogo inamruhusu kumtahini mtu mahali palipo na mgonjwa, akajaza fomu mwenyewe, na kesho yake asubuhi akampakia kwenye gari la Wizara mpaka mlangoni kwa Bi Tunu.

Njiani alimsomea masharti. Mtahiniwa ataimba maswali yote kumi na mawili kwa mujibu wa toleo rasmi, akizingatia ukimya wa sekunde kumi na moja baada ya kila swali. Atasimama hatua nne kutoka kitandani, uso kwenye kinasa sauti. Hatazungumza na mgonjwa, maana hadhira haijaalikwa. Ikisikika sauti ya pili, jaribio ni batili, na mwenye sauti atahesabiwa kuwa urithi ulioguswa bila cheti. Akimaliza salama anapewa cheti papo hapo, na hapo yuko huru kuimba atakavyo.

Bi Sikudhani akapiga hesabu. Ni dakika chache tu. Atawaimbia Serikali wimbo wa Serikali, achukue karatasi, kisha avute kigoda akae kichwani pa Tunu waimbe wa kwao.

Zamda alitolewa nje. Bi Tunu alikuwa amelala chali, macho yamefumba, kifua kinapanda kidogo, kinashuka, kinangoja. Bi Sikudhani akataka kuinama amwambie usijibu sasa, shoga, huu si wetu. Bwana Tindwa akakohoa kwa adabu, akamwonyesha masharti kwa kalamu. Akasimama hatua nne, uso kwenye kinasa sauti, mgongo kwa mwenzake. Bwana Tindwa akaketi akielekea kitandani, fomu kwenye goti moja, saa kwenye jingine.

"Msafiri, umeamka?" Bi Sikudhani akaimba.

Sekunde kumi na moja.

Akaimba la pili, akaimba la tatu. Nyuma yake kulikuwa na mchakacho mdogo, kama pazia linapogusa mkeka. Alidhani ni upepo. Kwenye la sita akatambua kwamba dirisha limefungwa. Kwenye la saba akaelewa. Tunu alikuwa ameisikia sauti aliyoingoja siku zote hizo, na alikuwa anajibu. Hakuna aliyemwambia kwamba huu ni wa Serikali. Sauti ilikuwa imeshamwishia, kinasa sauti kilikuwa hakipati kitu, lakini midomo ilikuwa inafanya kazi, na kila jibu lilikuwa linakula pumzi ambayo haikuwa na nyingine nyuma yake.

Akiacha kuimba, jaribio limevunjika, na Tunu anakwenda kuvikwa kibandiko. Akigeuka, vilevile. Akiendelea, majibu yanapita nyuma ya mgongo wake, moja moja, hayarudi. Alimtazama Bwana Tindwa kwa macho ya mtu anayezama. Bwana Tindwa akamwinulia kidole, kumtia moyo, bado matano.

Akaimba la nane. La tisa aliliimba kwa haraka, ila ukimya hauharakishwi. La kumi machozi yaliingia mdomoni. La kumi na moja sauti ilipasuka, na alipofika la kumi na mbili aliliimba polepole, kama mtu anayeteremsha mtungi uliojaa.

"Na fundo la mwisho, msafiri, lina nini?"

Moja, mbili, tatu. Mchakacho. Nne, tano. Bi Sikudhani akageuka. Hakungoja kumi na moja, alikuwa hawezi tena. Aliikuta midomo ya Tunu inakutana, inafunga, kama ya mtu aliyekwisha kusema yote na kuridhika. Alipiga hatua nne kwa mara moja, akaweka sikio pale pale mdomoni. Palikuwa na joto. Halikufuatwa na kitu.

Bwana Tindwa alisubiri sekunde zitimie, akazima mtambo, akaandika. Kisha akasimama na kufunga kitufe cha koti. Alisema alitakiwa kumkata alama kwa kugeuka, lakini kwa kuwa ni mtu mzima ameamua kutoliona hilo. Ukimya wote kumi na mbili umezingatiwa, toleo rasmi halijawahi kuimbwa kwa usahihi kama huu. Alama mia kwa mia. Akampa hongera, akatia saini, akanyoosha mkono wenye cheti na kumwarifu kwamba kuanzia dakika hiyo ana ruhusa kamili ya kuuimba Wimbo wa Kufungasha popote ndani ya mipaka ya nchi, na kumwimbia yeyote amtakaye.

Bi Sikudhani hakukipokea. Alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wa Tunu, na alimuuliza kijana yule kwa sauti ndogo, sauti ya kuomba, kama vile yeye ndiye aliyekuwa mdogo.

"Bwanangu, wewe ulikaa unamwelekea. Ile midomo yake, pale mwisho, ilisema wapi?"

Bwana Tindwa alifikiri, maana hakupenda kumdanganya mtu wa umri ule.

"Mimi nilikuwa natazama saa, Bibi."